Waliberali wa Ujerumani: Chama Kimoja, Njia Mbili

Chama cha Maendeleo cha Ujerumani, Deutsche Fortschrittspartei, kilianzishwa Prussia mwezi Juni 1861. Miongoni mwa waasisi wake alikuwamo daktari mashuhuri Rudolf Virchow. Kilidai serikali iwajibike kwa bunge, na haukupita muda kikawa chama kikubwa kuliko vyote bungeni.

Kilichokivunja ni fedha za jeshi. Mfalme alitaka jeshi lipanuliwe, bunge likakataa kupitisha bajeti. Septemba 1862 mfalme akamteua Otto von Bismarck kuwa waziri mkuu, naye kwa miaka minne akatoza kodi na kuitumia bila idhini ya wabunge. Julai 1866 Prussia iliishinda Austria huko Königgrätz, na Bismarck akarudi bungeni akiomba matumizi yale yahalalishwe. Wabunge 230 waliafiki, 75 wakakataa. Wengi wa waliberali walioafiki wakajitenga, na mwaka 1867 kikazaliwa chama cha Waliberali wa Kitaifa, wakiamini kwamba taifa likishaungana uhuru utakuja wenyewe. Walipata sheria nzuri za biashara na mahakama. Mamlaka ya bunge kuiondoa serikali, jambo lenyewe walilolipigania, hayakupatikana hadi Oktoba 1918, ufalme ukiwa ukingoni.

Jamhuri ilipokuja, waliberali bado walikuwa na vyama viwili. Hugo Preuss wa chama cha DDP aliandaa rasimu ya katiba ya Weimar. Gustav Stresemann aliongoza chama cha pili, DVP. Mwaka 1919 DDP ilipata zaidi ya asilimia 18 ya kura. Kufikia Julai 1932 kila kimoja kilikuwa kimebaki na takriban asilimia 1. Machi 23, 1933, wabunge watano wa mabaki ya DDP waliipigia kura ya ndiyo sheria iliyompa Hitler madaraka yote. Ilikuwa kura ya aibu, na mmoja wao alikuwa Theodor Heuss.

Heuss huyohuyo alichaguliwa mwenyekiti wa chama kipya cha waliberali, FDP, kilipoundwa Heppenheim, Desemba 1948, na mwaka uliofuata akawa rais wa Ujerumani Magharibi. Hatimaye kambi zote mbili zilikaa chini ya paa moja. FDP ilikuwa ndogo, lakini ndiyo iliyoamua nani awe kansela: mwaka 1969 ilimpa nafasi Willy Brandt, na mwaka 1982 ikamgeukia Helmut Kohl.

 

Katika uchaguzi wa Februari 2025, FDP ya Ujerumani ilipata asilimia 4.3, chini ya asilimia 5 zinazotakiwa, ikatoka bungeni.