Subira ya Watu wa Mungu: Ahadi na Kungoja katika Nchi ya Ruiru na Thika, 1926–1934

Mto Ndarugu hushuka kutoka milima ya Nyandarua, hupita kati ya Ruiru na Thika, kisha huingia mto Athi. Mnamo Februari 1934, katika msitu uitwao kwa jina la mto huo, polisi wa serikali ya kikoloni walikutana na kundi la waumini waliojulikana kama Watu wa Mungu. Watu watatu walipigwa risasi wakafa. Mmoja wao alikuwa Joseph Ng'ang'a, kiongozi wao. Makala haya yanalitazama tukio hilo kwa upande wa maneno: ahadi na subira zilikuwa na maana gani kwa watu wale, na kwa nini watawala hawakuitambua maana hiyo?

Yafaa kwanza kuikumbuka hali ya nchi yenyewe. Tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, sehemu kubwa ya ardhi ya Ruiru, Juja na Thika ilikuwa imegawiwa walowezi. Mmarekani William Northrup McMillan alikuwa na milki kubwa pale Juja. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na mashamba ya kahawa na mkonge yakaenea. Wakikuyu waliopoteza ithaka zao, yaani ardhi za koo, waligeuka vibarua. Kisha mwaka 1929 ukazuka mgogoro wa tohara ya wanawake, na wengi wakazihama misheni, ikiwamo ile ya Kambui karibu na Ruiru. Mwaka 1932 serikali iliunda Tume ya Ardhi chini ya Morris Carter, na watu wakaambiwa wangoje haki. Kwa hiyo siku zile zilikuwa na ngoja mbili: kuingoja tume, na kumngoja Mungu.

Hapa historia ya lugha ina ushahidi wake. Agano Jipya la Kikuyu lilichapishwa mwaka 1926, lakini Biblia nzima haikupatikana katika lugha hiyo hadi 1951. Biblia nzima ya Kiswahili cha Mombasa ilikuwa imetoka mwaka 1914. Kwa msomaji wa Kikuyu asiyejua Kiingereza, aliyetaka kuwasoma manabii wote na safari yote ya Waisraeli, Kiswahili ndicho kilichokuwa mlango wa karibu. Si ajabu, basi, kwamba jina la kundi hili, Watu wa Mungu, ni la Kiswahili, ingawa wenyewe waliitwa pia arathi, yaani manabii, na baadaye Waakorino.

Masimulizi ya Waakorino husema kwamba mnamo 1926 Ng'ang'a alisikia sauti ikimwita, naye akajitenga kwa miaka mitatu akiomba na kusoma Maandiko kabla ya kuanza kuhubiri. Wafuasi wake walikataa mavazi na dawa za Kizungu. Waliomba wakiinua mikono na kuuelekea Mlima Kenya. Jomo Kenyatta, mzaliwa wa nchi hiyohiyo ya Gatundu, aliwaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1938, *Facing Mount Kenya*.

Neno la Kikuyu kwa ahadi, kĩĩranĩro, lina shina la kwĩra, yaani kuambia, pamoja na kiambishi cha kutendana. Ahadi, basi, ni jambo lililoambianwa. Ina pande mbili. Neno ahadi lenyewe, lililotoka katika Kiarabu, nalo hubeba maana ya mapatano. Anayengoja ahadi ya namna hiyo hakai bure, kwa kuwa ana upande wake wa kutimiza. Subira nayo, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kujizuia. Methali yasema kwamba subira huvuta heri. Na kuvuta ni kazi, hutaka nguvu na mikono. Tukiyapima kwa maana hii, matendo ya Watu wa Mungu hupata mpango. Kufunga, kuomba na kukataa vitu vya wageni kulikuwa ndiyo kungoja kwenyewe.

Watawala waliona mambo mengine. Waliona watu wasio na kibali, wanaotembea na pinde na mishale, wasiokubali padri wala chifu. Katika msamiati wa ofisi, aliyengoja vema ni yule aliyenyamaza. Aliyengoja kwa kutenda alihesabiwa mwasi. Miezi mitatu baada ya mauaji ya Ndarugu, mnamo Mei 1934, ripoti ya Carter ilitolewa, ikapendekeza kwamba madai ya Waafrika nje ya maeneo waliyotengewa yafutwe. Ngoja ya kwanza ikaishia hapo.

Je, ile ya pili ilitimia? Ni rahisi kujibu kwamba ilitimia mwaka 1963, bendera ya Kenya ilipopandishwa. Jibu hilo lina kasoro. Baada ya uhuru, mashamba mengi ya Ruiru na Thika yalinunuliwa kwa fedha, na wananchi wengi walipata vipande kwa kununua hisa katika kampuni na vyama vya ushirika. Asiye na fedha alibaki akingoja. Tena Watu wa Mungu hawakuahidiwa bendera. Kuwaita wapigania uhuru wa mwanzo tu ni kuwavika vazi lisilokuwa lao, na kuwaita watu wa ndoto waliojitenga na dunia ni kurudia kosa la polisi kwa namna nyingine.

Hukumu ya haki ni ile inayotumia maneno yao wenyewe. Walikuwa na mapatano, wakashika upande wao, na watatu wakafa kabla ya kuona mwisho. Hadi leo vilemba vyeupe vya Waakorino huonekana katika mitaa ya Ruiru na Thika, na wavaao hawajaacha kungoja. Mwanahistoria hawezi kupima kama Mungu ametimiza. Awezalo ni kuandika kwamba kungoja kwao kulikuwa tendo, na kwamba tendo hilo lilikuwa na jina katika lugha zao kabla halijapata jina katika faili za serikali.