Kutoka Malale hadi Figo: Safari ya Kipimo Kuelekea Usoke

Figo huumia kimya. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake huku akilima, akila na kulala vizuri. Miguu inapovimba na pumzi kukatika, mara nyingi muda wa kuokoa umekwisha kupita. Kwa sababu hiyo ugonjwa huu hausubiriwi uje hospitali, bali hufuatwa nyumbani.

Kipimo chenyewe ni cha zamani. Mwaka 1827 Daktari Richard Bright wa London alieleza jinsi mkojo wa wagonjwa wake, ukipashwa moto ndani ya kijiko juu ya mshumaa, ulivyoganda kama ute wa yai. Ute huo ni protini iliyovuja kwenye figo zilizoharibika. Leo kijiti cha karatasi huonyesha jambo hilohilo kwa dakika moja au mbili.

Ili kipimo kama hicho kifike kwetu, kilihitaji njia. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikipita Usoke iliyo kati ya miji hiyo, na huduma za tiba zikaifuata. Hata hivyo, ugonjwa uliowapeleka waganga hadi ndani ya miombo ulikuwa malale, unaoenezwa na mbung'o. Miaka ya 1920 na 1930, kwa mwongozo wa Daktari George Maclean, serikali ya Waingereza iliwahamisha watu kutoka misituni na kuwakusanya katika makazi ya pamoja. Malale yalidhibitiwa, lakini watu waliacha mashamba na makaburi ya wazee wao bila kuulizwa. Kwangu mimi, gharama hiyo haipaswi kusahauliwa na yeyote anayekwenda kijijini na vipimo.

Malale na figo vilikuja kukutana mwaka 2010. Watafiti waligundua kwamba mabadiliko fulani ya jeni iitwayo APOL1 humkinga mwanadamu dhidi ya vimelea vya malale, lakini anayerithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua figo. Je, hiyo ndiyo sababu ya maradhi ya figo kwetu? Si peke yake, kwani mabadiliko hayo yamejaa zaidi Afrika Magharibi. Wengine hutaja presha, kisukari na virusi vya ukimwi. Utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro mwaka 2014 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 15.2 ya watu wazima wa mjini na asilimia 2.0 ya wa vijijini. Lakini karibu nusu ya wagonjwa hawakuwa na presha, kisukari wala virusi hivyo. Kumpima mwenye presha peke yake, basi, hakutoshi.

Kwamba kupima kunaokoa, ushahidi upo. Katika visiwa vya Tiwi, Australia, wenyeji asilia walipimwa mkojo na presha, na kuanzia mwaka 1995 walioonekana na dalili walipewa vidonge vya perindopril, dawa ya kushusha presha. Miaka michache baadaye, vifo na figo kufeli vilikuwa vimepungua kwa takribani nusu.

Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza mwaka 2017, lakini Muhimbili iko Dar es Salaam, mbali na Usoke. Ndugu msomaji wa Usoke, siku utakapokwenda zahanati, hata kwa homa tu, omba mkojo wako upimwe protini na presha yako ipimwe, kabla miguu haijavimba.