Boti iliyokaa baharini: Mambo ya kuchunguza kabla ya kuileta bara

MNUNUZI wa boti anayeishi Thika au Ruiru huanza na tatizo la jiografia. Mito ya Chania, Thika na Ruiru imejaa mawe na maporomoko, na boti zinazoonekana karibu ni zile chache zinazovusha wageni kwenye maporomoko ya Fourteen Falls, Mto Athi. Anayetaka chombo cha kuvulia samaki au kutembezea watalii hulenga bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka wa 1981 na ambalo hufikika kutoka Thika kwa barabara ya Garissa kupitia Matuu. Lakini boti kuukuu nyingi huuzwa Pwani: Mombasa, Mtwapa, Kilifi na Watamu.

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, na mnunuzi wa bara huitafuta athari yake mahali pasipo. Hukagua rangi na mbao, hali chumvi imeshughulika zaidi na injini, nyaya na misumari.

Kwa mbao, chumvi ni kinga ya aina fulani, kwani huzuia kuvu. Kinachoozesha ni maji ya mvua yaliyotuama chini ya sakafu. Adui halisi wa mbao baharini ni viumbe watobozi, ndiyo maana mafundi wa mwambao tangu jadi hupaka deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na mafuta, sehemu ya chini ya chombo. Viumbe hao hufa katika maji baridi, ila mashimo yao hubaki. Ncha ya kisu ikizama kwa urahisi kwenye mkuku au mataruma, biashara ikomee hapo.

Boti ya faiba ina fumbo lake. Maji baridi hupenya tabaka za faiba kwa urahisi kuliko maji ya chumvi, hivyo boti iliyokuwa laini Kilifi yaweza kuota malengelenge ikishakaa Masinga. Isitoshe, ubao uliofichwa ndani ya faiba tezini, unaobeba injini, huoza bila kuonekana. Ugongwe kwa mpini wa bisibisi: mlio mkavu ni dalili njema, mlio mzito uliozubaa ni dalili ya ubao uliolowa.

Injini ndiyo yenye gharama, na ndiyo yenye hadaa nyingi. Ishikwe kwa mkono kabla ya kuwashwa, kwani muuzaji aliyekwisha kuipasha moto huenda anaficha ugumu wake wa kuwaka. Iwashwe ikiwa ndani ya pipa la maji, na mkondo unaotoka pembeni utazamwe: ukiwa mwembamba au wa kukatikakatika, huenda chumvi imegandamana katika njia za kupozea. Plagi zifunguliwe na mgandamizo wa kila silinda upimwe. Tofauti inayozidi asilimia 15 ni onyo. Oili ya gia iliyogeuka rangi ya maziwa inaonyesha kwamba maji yamepita sili. Rangi mpya juu ya injini kuukuu itiliwe shaka, hasa ikiwa na vipele, kwani chini yake alumini huwa inageuka unga mweupe. Mwenye boti aulizwe pia kama huisafisha injini kwa maji baridi kila arudipo kutoka baharini. Anayesitasita amekwisha kujibu.

Fundi wa magari wa Ruiru aweza kupima mgandamizo bila shida, lakini macho yake yamezoea nyaya za gari. Hizo ni shaba tupu, na chumvi huzila kimyakimya ndani ya mpira wake mpaka zigeuke kijani. Nyaya za baharini hupakwa bati. Boti iliyowekewa nyaya za gari yafaa ing'olewe zote, na gharama hiyo ikatwe kwenye bei.

Kuna jambo ambalo hata wenye uzoefu hulisahau. Injini za baharini hufungwa vipande vya zinki ili viliwe badala ya alumini. Katika maji baridi zinki hujifunika utando na kuacha kufanya kazi. Boti ikifika Masinga, vipande hivyo vibadilishwe kwa vya magnesiamu, ambavyo navyo huisha upesi mno chombo kikirudishwa baharini.

Masinga iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kimo ambacho injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake. Maji baridi pia ni mepesi kuliko ya bahari, hivyo chombo huzama kidogo zaidi kwa mzigo uleule. Idadi ya abiria iliyozoeleka Mtwapa isidhaniwe kuwa salama katika bwawa lenye mamba na viboko, ambako kuzimika kwa injini mbali na ufuo si usumbufu tu.

Asiyetaka sulubu hizi afikirie Naivasha, ambako boti hukaa katika maji baridi, ingawa chaguo ni chache.

Usajili wa boti, hata za bara, uko chini ya Mamlaka ya Safari za Baharini Nchini (KMA), iliyoundwa mwaka wa 2004. Mnunuzi alinganishe nambari iliyo kwenye injini na ile ya stakabadhi, na akatae injini ambayo nambari yake imekwanguliwa. Chombo kikaguliwe upya kabla ya kubeba abiria, na kila abiria awe na jaketi lake la kuokolea maisha.