Mbunifu mkuu (kanuni za ujenzi)

*nm* ngeli ya a-/wa-; wingi: *wabunifu wakuu*

Maana. Katika kanuni za ujenzi za England, mtu au kampuni inayoteuliwa kwa maandishi na mwenye mradi ili ipange, isimamie na ifuatilie kazi ya usanifu katika mradi wenye mkandarasi zaidi ya mmoja.

Chimbuko. Moto wa jengo la Grenfell Tower, London, uliua watu 72 mwezi Juni 2017. Mapitio ya Judith Hackitt yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kuwa haikuwa wazi nani anawajibika kwa lipi. Sheria ya Usalama wa Majengo ilipitishwa mwaka 2022, na wadhifa huu ukaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2023.

Matumizi

1. *Mkuu* hapa si cheo cha ofisini, bali ni dhamana ya kisheria. Anayeshika wadhifa huu aweza kuwa mhandisi. Kwa hiyo *mbunifu majengo*, ambalo Tanzania ni jina la taaluma yenye bodi yake ya usajili, hupunguza maana.

2. *Kusimamia* huweza kumpeleka msomaji kwenye eneo la ujenzi. Huko ndiko kwa *mkandarasi mkuu*. Mbunifu mkuu husimamia usanifu. Ni salama kuandika *kusimamia kazi ya usanifu* kwa ukamilifu.

3. *Kuhakikisha* pekee hugeuza wajibu kuwa ahadi isiyo na mpaka. Kanuni zinadai *kuchukua kila hatua inayofaa ili kuhakikisha*. Mfasiri akiyaacha maneno hayo, anamtwika mtu mzigo ambao sheria haikumtwika.

   Isiyo sahihi: *Mbunifu mkuu anahakikisha jengo linatimiza kanuni.*

   Sahihi: *Mbunifu mkuu huchukua kila hatua inayofaa ili kuhakikisha kwamba kazi, ikijengwa kama ilivyosanifiwa, itatimiza kanuni.*

4. Kanuni za mwaka 2015 za afya na usalama kazini katika ujenzi zina wadhifa wenye jina hilo hilo, unaohusu kuepusha madhara kwa watu. Mtu mmoja aweza kushika nyadhifa zote mbili, lakini wajibu hubaki aina mbili. Zinapotajwa pamoja, iandikwe *mbunifu mkuu wa kanuni za ujenzi* na *mbunifu mkuu wa afya na usalama*.

Tazama pia: *mkandarasi mkuu, mwenye mradi, usanifu, uwajibikaji.*