Wahka: namna ya kuutuliza kwa mambo ya kila siku

Sisi watu wa Pwani tuna neno letu, wahka. Si woga wa kuona nyoka, wala si fikira za kodi ya nyumba. Ni moyo kupapa bila sababu unayoweza kuitaja. Ukipanda ghafla, moyo huenda mbio, pumzi hukatika, vidole hufa ganzi, na mtu huamini kuwa anakata roho.

Mimi ulinishika ndani ya matatu, barabara ya Magadi. Gari limekwama Rongai, muziki umefunguliwa hadi viti vinatetemeka. Nikateremka, nikaenda kwa miguu hadi Nkoroi ninakoishi. Mama kwenye simu akasema, "Mwanangu, hilo ni jicho." Zahanati walinipima moyo wakaniambia sina kitu. Jibu hilo halikunisaidia, maana kitu nilikuwa nacho.

Kinachotokea ni hiki. Mwili hudhani kuna hatari, ukamwaga adrenalini. Unapumua mbiombio, hewa ya kaboni inapungua damuni, na hapo ndipo ganzi na kizunguzungu huja. Hali hiyo hufika kileleni kwa dakika chache, mara nyingi hazifiki 10, kisha hushuka yenyewe. Lakini ikiwa ni mara ya kwanza, au maumivu ya kifua yanaenda mkononi au tayani, kimbilia hospitali kwanza. Usijipime mwenyewe.

Watu watakwambia "vuta pumzi kwa nguvu". Wamekosea. Cha maana ni kuitoa. Vuta kwa puani ukihesabu hadi 4, toa taratibu hadi 6, kwa dakika 5. Na fanya hivyo kila siku ukiwa mzima, kwani siku ya wahka si siku ya kujifunza.

Mambo haya tumeyaona mageni tangu Jon Kabat-Zinn alipoanza kuyafundisha hospitalini Massachusetts mwaka 1979. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alikwisha kuandika kuwa mtu ajiwekee mawazo ya kumtuliza akiwa na afya, kama anavyoweka dawa nyumbani. Hata udhu, ukiacha haraka zetu, ukausikia ubaridi wa maji kiungo baada ya kiungo, hurudisha akili pale ulipo.

Asubuhi huku baridi ni kali. Kabla ya kushika simu hutoka nje, nikaangalia milima ya Ngong, nikasikiliza sauti tatu: jogoo, boda, jirani anayefagia. Kahawa chungu nimeipunguza, ingawa roho inaniuma. Kahawa na miraa huongeza mapigo ya moyo, na moyo ukidunda wahka hupata mlango.

Kilichonichukua muda zaidi ni matatu. Kwa wiki kadhaa niliyakwepa, na kadiri nilivyokwepa ndivyo hofu ilivyokua. Nikaanza kupanda kituo kimoja tu, dirishani, miguu nikiisikia sakafuni. Kisha viwili. Moyo ulipoanza sikuteremka. Niliuacha udunde hadi uchoke.

Wahka ukikuzuia kulala, kazi au kutoka nyumbani kwa wiki nyingi, muone daktari wa akili. Nairobi iko Mathari, iliyoanza mwaka 1910. Mombasa iko Port Reitz. Dua ya mama iendelee. Mimi nilikwenda kliniki na dua yake nikaipokea, na hadi leo hunipigia simu kila nikipanda gari.