Historia ya Shoo Iko Kwa Choo

Mwaka jana nilitoka kwa konsati kabla msanii niliyemlipia hajapanda steji. Si eti nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimebanwa na mkojo, laini ya choo cha madem ilikuwa imezunguka hema mara mbili, na waliokuwa wanatoka ndani walikuwa wanatutingisia kichwa tu. Rafiki yangu hakuwa amekunywa maji tangu asubuhi, makusudi. Anafanyanga hivyo kila shoo. Kwa matatu ya kurudi nikajiuliza: hii shida ilianza lini, na mbona haiishi?

Nikaingia kusoma historia. Kumbe ni ndefu kuliko ile laini.

Twende London, 1851. Hapo Hyde Park kulikuwa na maonyesho makubwa ya viwanda, ndani ya jumba la vioo lililoitwa Crystal Palace. Yalianza Mei yakaisha Oktoba, na watu waliingia karibu mara milioni 6. Fundi wa mabomba aliyeitwa George Jennings akaweka vyoo vya kuvuta maji mle ndani, kitu ambacho watu wengi wa mji huo hawakuwa wameona hadharani. Kuingia ilikuwa peni moja. Unajua waliolipa ni wangapi? 827,280!

Sasa hapa ndipo nilicheka. Jumba lilipohamishiwa Sydenham baada ya maonyesho, wakubwa wakaona vyoo ni gharama ya bure, vitolewe. Jennings akawabembeleza hadi wakakubali viachwe. Vikawa vinaingiza zaidi ya pauni 1,000 kwa mwaka. Yaani hata baada ya watu laki 8 kupanga foleni na peni mkononi, bado mwenye shoo alikuwa anafikiri choo ni kitu ya ziada. Hiyo akili haijawahi kufa.

Ruka hadi Agosti 1969, shamba la ng'ombe huko Bethel, jimbo la New York. Woodstock. Waandaaji walikuwa wameambia wenyeji watarajie watu 50,000. Wakaja zaidi ya 400,000. Vyoo vilikuwa kama 600. Piga hesabu: zaidi ya watu 650 kwa choo kimoja. Hiyo ni kama matatu 20 za watu 33 zishushe abiria wote kwa mlango mmoja.

Na choo cha kubebwa si kama cha nyumbani. Chini ya kiti kuna tangi lenye maji na dawa ya kupunguza harufu, basi. Tangi likijaa, limejaa. Lazima lori la kunyonya lije, na lori linahitaji barabara. Woodstock barabara zilikuwa zimeziba kwa magari, hadi wasanii wakaletwa na helikopta. Kwa ile filamu ya Woodstock kuna mzee mmoja anayesafisha vyoo. Anasema mtoto wake mmoja yuko hapo kwa umati, na mwingine yuko vitani Vietnam. Huku watu wanaimba amani, yeye ameshika mpira wa kunyonya. Kwangu huyo ndiye staa wa ile filamu.

Unaweza kusema sawa, 1969 walishtukiziwa. Umati ulizidi mpango. Lakini 1999 je? Miaka 30 baadaye walifanya Woodstock nyingine, kwa uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Rome, New York. Safari hii walijua watu watakuja wengi. Jua lilikuwa kali, chini ni lami, na chupa ya maji ilikuwa dola 4. Vyoo vikafurika. Mabomba ya maji yakavunjwa, yakatengeneza matope, na watu wakawa wanacheza kwa matope yaliyochanganyika na uchafu wa choo. Taka ikarundikana kila mahali. Usiku wa mwisho watu wakawasha moto na kuvunja vibanda. Sisemi choo ndicho kilichowasha kiberiti. Nasema ukimkalisha mtu kwa uchafu siku tatu na umemlipisha, usishangae akikosa kuheshimu uwanja wako.

Sasa turudi nyumbani. Sisi tuna sheria nzuri. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017. Tangu Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwa mbuga, misitu na fuo zinazolindwa. Sheria ya taka ya 2022 inataka takataka zitenganishwe, za kuoza kando na zisizooza kando. Lakini shoo ikiisha, angalia uwanja: chupa, sahani, mabaki ya nyama, zote pamoja. Na Nairobi taka haipotei, inahama. Nyingi inaishia Dandora, jaa lililofunguliwa 1975 na kutangazwa limejaa 2001. Bado malori yanaingia. Sisi tunasema shoo iliisha saa nane usiku, lakini kuna watu wanaishi na hiyo shoo dirishani mwao.

Kwa hivyo, wasee, maoni yangu ni haya. Choo na taka vipangwe siku ile steji inapangwa, si wiki ya mwisho na pesa zilizobaki. Maswali si magumu: watu wangapi, kwa saa ngapi, kuna pombe? Madem ni wangapi, na mbona wanapewa vyoo sawa na maboi na mnajua wanachukua muda zaidi? Mtu akiwa kwa siku zake atatupa pedi wapi? Lori litapita wapi umati ukiwa umejaa? Taka inaenda wapi kesho, na anayeiokota analipwa?

Kabla ulipie tiketi, waulize hayo kwa posta yao. Wakijibu na emoji, hapo jua. Na wewe pia, rudi na chupa yako.

Mimi nataka tu siku moja rafiki yangu anywe maji kwa shoo.