Perl Ilivyogawa Mzigo wa LiveJournal

Vijana ninaofanya nao kazi leo wakitaka kugawa wateja kwa seva kadhaa huchukua nginx au HAProxy, wakaandika mistari michache, basi. Sina ugomvi na programu hizo. Ila anayetaka kujua kazi hii inafikiriwaje, mimi humpeleka kwenye Perlbal, programu ya kugawa mzigo iliyoandikwa kwa Perl, lugha ambayo wengi wetu tuliiona ni ya kuchambua logi tu.

Shida yenyewe ni ya zamani kidogo. Mwaka 1993 kivinjari cha Mosaic kilipotoka NCSA, kwenye Chuo Kikuu cha Illinois, seva ya kituo hicho ilielemewa. Wahandisi wakaweka seva kadhaa zenye mafaili yale yale, wakaifanya DNS itaje anwani zake kwa zamu. Dawa rahisi, lakini anayeuliza huhifadhi jibu alilopewa. Seva ikifa, wapo watakaoendelea kuibishia hodi. Wafanyabiashara hawakukawia: F5 ya Seattle, iliyoanzishwa 1996, ikaja na masanduku ya BIG-IP, ambayo bei yake haikuwa ya ofisi kama zetu. Mwaka 1998 Wensong Zhang wa China akatoa kigawa mzigo cha LVS bure, na 2001 Mfaransa Willy Tarreau akatoa HAProxy kwa lugha ya C.

Brad Fitzpatrick alianzisha LiveJournal, tovuti ya blogu, 1999, akiwa na miaka 19. Seva moja ikawa mbili, mbili zikawa makumi. Yeye na wenzake wa Danga Interactive, hao hao waliotupa memcached mwaka 2003, walijaribu vigawa mzigo vilivyokuwepo, havikuwatosha. Mwaka 2004 wakaandika chao, ndiyo Perlbal.

Hapa ndipo pananipendeza. Vigawa mzigo vingi vya wakati ule vilifanya kama mpiga debe anayejaza gari bila kuangalia kama dereva yupo. Muunganisho ukikubaliwa, vilidhani Apache, seva ya wavuti iliyo nyuma yake, iko tayari. Kumbe anayeitika ni kerneli, inayopanga maombi kwenye foleni huku michakato yote ya Apache ikiwa imeshikwa. Perlbal iliweza kutuma kwanza ombi dogo la OPTIONS, ikasubiri. Mchakato uliojibu ndio uliopewa mteja. Hakuna haja ya kukadiria nani ana nafasi. Aliye huru anajitaja mwenyewe.

Halafu kuna mteja wa polepole. Mchakato mmoja wa Apache wenye mod_perl ulikula kumbukumbu nyingi, na kila mchakato ulihudumia mtu mmoja kwa wakati. Mtu huyo akipokea ukurasa kwa tone, mchakato mzima unakaa bure ukimngoja. Perlbal iliuchukua ukurasa wote kwa pupa, ikaiachia Apache iendelee na mwingine, kisha yenyewe ikamlisha yule mteja taratibu. Naye mteja huyo alikuwa sisi. Kabla ya kebo ya SEACOM kutufikia 2009, mawasiliano yetu Dar es Salaam yalipitia setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu, na swali na jibu vilichukua zaidi ya nusu sekunde hata siku ambayo laini haina watu. Kwenye intaneti kafe tuliiona picha ikishuka mstari kwa mstari, na huko Marekani kulikuwa na seva iliyofungwa miguu kwa ajili yetu.

Perl iliwezaje? Mchakato mmoja, bila nyuzi. Kwenye Linux 2.6 kulikuwa na epoll, kwenye FreeBSD kqueue: kerneli yenyewe inasema ni soketi ipi kati ya maelfu ina jambo. Kazi nzito inafanywa na kerneli. Perl inaamua tu nani apewe nini. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema lugha ya skripti haifai kwa kazi hii. C ina kasi zaidi, hilo halina ubishi, lakini C haikuambii kuwa Apache imelala.

Msimbo wa Perlbal bado uko CPAN, ghala la moduli za Perl. Ila kabla hujausoma, chukua IO::Socket na IO::Select, zinazokuja na Perl yenyewe bila kupakua chochote, uandike kigawa mzigo chako cha mistari mia. Kikianguka kwa mteja wa kwanza mwenye laini mbovu, hapo fungua msimbo wa Danga.